Mwalimu Basile na mama mukwe juu ya wagoneti

Mulumba weee! Mwalimu Basile amejiharibia leo, pale pale gare, fasi treni inasimama!

Unajua kwetu: mama mukwe haguswi, hata usoni hatazamwi. Sasa mama mukwe yake alikaa juu ya wagoneti ya mihogo, kale kagari kadogo ka reli, fasi reli inatelemuka. Basile akaisukuma kidogo, ili amusogeze bila kumugusa: «Itasimama yenyewe, Mama.»

Itasimama yenyewe!

Ikakimbia. Basile mbio pembeni, kama anafundisha: «Kitu yenye inatembea inaendelea, mpaka nguvu ingine iizuie!»

Bantu bote ba pale gare: «Weye njo nguvu! Kamata mama!»

«Nitamugusa namna gani?»

Akatangulia mbele, akapita mwisho wa reli, akafumba macho, akafungua mikono. Wagoneti ikagonga mwisho wa reli, ikasimama. Mama hakusimama. Akaruka mpaka mu mikono yake.

Mu mikono yake, Mulumba!

Bakaanguka bote babili. Bangali chini, mama akasema: «Niachilie, mutoto.»

«Mama, naogopa kufungua macho.»