Rovu Langu na Swali la Somoe

Mahurunga

Mume wangu Saidi,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama yako anabangua korosho, na binti wa shangazi yako wa Shangani amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama ukubali madaktari wa huko Durban wakupunguze mfuko wa chakula ili mwili upungue. Mimi usichanani nilikuwa na rovu, uvimbe mkubwa shingoni. Daktari alitaka kuukata. Mama alilia, majirani wakasema nitabaki bubu. Dada yangu Somoe peke yake ndiye aliyeniuliza, "Kama pasingekuwa na mtu wa kukutazama wala kukusema, ungekubali kukatwa?"

Nikamjibu, "Ningekubali. Nikilala chali sipumui."

"Basi twende," akasema, akanishika mkono.

Nilipozinduka baada ya kukatwa, koo liliwaka. Nikamwita Somoe, sauti ikatoka, tukalia sote wawili.

Sikuamulii, mume wangu; jiulize swali lile la Somoe. Machoni pangu unapendeza ukiwa mnene, na utapendeza ukipungua. Ukikubali, niambie siku, nikae mkekani nikuombee mpaka uzinduke. Ukikataa, njoo hivyo hivyo. Kitanda chako sijamruhusu mtu kukilalia.

Mkeo mzee,
Bibi Zuhura