Nne Zote Weka Sita

Shamimu mwanangu,

Nimechoka. Miguu imevimba kwa cherehani, lakini kunyamaza kumenichosha kuliko kushona.

Unakumbuka uliponiandikia ile programu ya sketi za shule? Ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza. Ukaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, ukaniuliza, "Mama, pindo sentimita ngapi? Marinda mangapi?" Nikakwambia nne, na marinda manne. Karatasi ya vipimo ilipotoka nilicheka kama mtoto.

Halafu shule ikataka pindo la sita, wasichana wakirefuka tulikunjue. Ukasema ngoja kwanza uangalie nne ipi ni ya pindo. Mimi na haraka zangu nikasema, "Nne zote weka sita, sha, mbona unachelewa?" Ukanitii. Marinda nayo yakawa sita. Niliona marinda ni mengi, lakini nikafuata karatasi, nikakata. Kitambaa kikaisha sketi saba bado.

Mama Hadija, jirani yangu wa cherehani, akacheka: "Yewe! Kompyuta yenu inashona nguo ya harusi!" Nami mbele ya wateja nikakuita mharibifu. Hukusema, "Mama, ni wewe uliyeniambia."

Kesho yake ukarekebisha. Ukanionyesha pale juu kabisa: PINDO = 6, na chini yake MARINDA = 4. "Hizi zinaitwa thabiti, Mama. Kila namba iko na jina lake. Siku ukitaka pindo jingine, gusa hapa tu, mara moja, huku chini kote kutafuata. Marinda hayataguswa." Nikaitikia tu. Hata pole sikukupa. Wiki hiyo ukahamia kwa shangazi yako, Kibagabaga.

Juzi shule ilitaka pindo la tano. Nikafungua programu mwenyewe, nikafuta sita, nikaandika tano. Karatasi ikatoka sawa, marinda manne. Nikalia. Ulinitengenezea kitu ambacho hata haraka zangu haziwezi kukiharibu, na mimi nilikuwa nimekufukuza kwa mdomo.

Leo asubuhi nimewaambia mafundi wote kwamba kosa lile lilikuwa langu. Mama Hadija akasema, "Sasa unatuambia sisi? Mwambie mtoto."

Basi nakwambia. Nisamehe. Sijui hata kama unakula vizuri. Ijumaa baada ya swala nitapanda moto, pikipiki ya abiria, nije. Ukiwa hutaki kuniona, baki chumbani. Nitamsalimia shangazi yako, nitarudi zangu Batsinda, na Ijumaa nyingine nitakuja tena.

Mama yako, aliyekukosea