Mama Zaina Hakuizima Mashine

Kindu, majira ya mvua

Kwa kaka yangu Paluku, Butembo

"Mashine haijifii yenyewe. Kuna mkono unaoizima, na mkono huo ni wa yule mjane. Mtoeni." Hayo ni maneno yako, Kaka. Uliyasema kwenye fonie, ile redio ya kuitana, siku ya soko, Lubutu wakisikiliza, Kailo wakisikiliza, na kila duka lenye fonie kati ya hapa na huko. Ukashikilia kifungo cha kusemea hadi mwisho, nami sikupata upenyo wa kuingiza hata neno moja. Basi nayajibu leo: si kweli, na nitakuonyesha kwa nini.

Lakini Mama alitufundisha kwamba hata anayekuja kugomba hubisha hodi kwanza. Hodi, Kaka. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi cha baridi ya huko kimemwachia? Mimi homa ilinilaza, sasa nimeamka na ninakula. Joto la Kindu halijanizoea wala mimi sijalizoea, tunavumiliana tu.

Ile ordinatere uliyotuletea kwa lori, ile mashine ya kuandikia inayokunjwa kama sanduku, yenye kioo cha herufi za rangi ya chungwa, inazimika kweli. Hilo sikatai. Mama Zaina, karani wetu, anaandika orodha ya mizigo ya depo, mara kioo kinakuwa cheusi na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Anaanza upya. Inazimika tena. Sijamsikia akiitukana hata siku moja. Huisubiri, kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke.

Tangu maneno yako yatoke, sokoni wanamwita Mama Kuzima. Muuza mandazi wa mlangoni petu alimwambia mbele ya watu, "Mama, usisogee ku moto wangu, utauzima!" Watu wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, kisha akapita nyuma ya depo akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ni mjane, Kaka. Mjane akishasemwa ana mkono mbaya, hakuna nyumba katika mtaa wote wa Alunguli anakoishi itakayomfungulia mlango kwa moyo mweupe.

Mimi sikumtoa. Nilifanya jambo ambalo wewe hukulifanya: niliuliza.

Nilianza na Saidi, mtunzaji wa jenereta yetu. Alikasirika.

"Patron, groupe yangu munaisingizia bure! Leta ampule, tuiweke pamoja na mashine, mutaona na macho yenu."

Tukachomeka taa kando ya mashine. Mashine ikazimika, taa ikaendelea kuwaka bila hata kupepesa. Saidi akapiga makofi.

"Munaona? Umeme iko. Mashine yenu njo iko na usingizi!"

Basi tatizo si umeme. Nikaanza kuangalia inazimika wakati gani. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mto, inafanya kazi bila shida. Jua likipanda inakufa. Ukiiacha ipumzike kivulini, inafufuka. Sasa niambie, Kaka, wewe unayewajua wenye mikono mibaya: ni mkono gani huo unaofuata jua?

Nikapitisha kiganja nyuma yake. Nikakirudisha haraka, maana kulikuwa na moto kama wa pasi. Na kiganja changu kilikuwa kimegusa koti.

Ndiyo, koti. Unaikumbuka amri yako? "Vumbi lisiiguse. Vumbi likiingia, namjua wa kumuuliza." Mama Zaina alitii. Aliishonea mashine koti la mahameli jekundu lenye nyuzi za kuning'inia, kama tunavyovalisha redio zetu sebuleni, akaikalisha juu ya mto laini. Akifanya kazi hulifunua mbele tu, kama uso wa bibi harusi, nyuma linabaki limeanguka. Na huko nyuma ndiko kuna matundu ambamo feni ndogo ya ndani hutolea joto. Koti limeziba nyuma, mto umeziba chini. Mashine ilikuwa ikikosa pumzi, ikizidiwa inazimika.

Tukaivua koti, tukaiweka juu ya ubao mtupu. Ilifanya kazi kutwa nzima, jua likichoma bati, haikuzimika.

"Mama," Saidi akasema, "na hii joto ya Kindu ulimuvalisha koti! Na kofia yake iko wapi?"

Tulicheka sote isipokuwa Mama Zaina. Aliuliza polepole, "Basi njo mimi nilikuwa naiua?"

Nilimwambia hapana. Na wewe nakuambia hapana kabla hujalidaka swali lake ukalifanya ushindi wako. Aliyeshona koti alitimiza amri. Aliyetoa amri hakueleza kitu, na kitabu cha maelekezo amebaki nacho kabatini Butembo. Nimesoma vya kutosha, na nimeishi katika nchi hii vya kutosha, kuujua ugonjwa huu: kitu kikiharibika, wakubwa hawatafuti tundu lililoziba, wanatafuta mtu wa kutoa. Nisikuone nawe, mtoto wa mama yangu, umesimama katika safu hiyo.

Mashine ni nzima sasa, lakini Mama Zaina amekataa kurudi kwenye kiti chake. Alilikunja koti lake vizuri, akakaa kizingitini.

"Patron," akaniambia, "barua inasomwa na batu ya nyumba moja. Jina yangu ilichafukia ku fonie. Isafishiwe kulekule."

Yuko sawa. Hadi hapo naandika mimi, kwa vidole viwili, na mizigo inanisubiri.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Msalimu shemeji, ambaye najua alikuonya unyamaze siku ile, na shangazi yetu wa kwaya. Mdogo wetu dereva mwambieni njia ya Lubutu imeharibika tena, asibebe mzigo mzito.

Na ninyi nyote mnaosomewa barua hii, msimruhusu Kaka aikunje kabla ya mwisho. Kaka, ukubwa ni jaa. Siku ya soko, saa ileile, Lubutu wakisikiliza, Kailo wakisikiliza, ita Kindu useme: "Mama Zaina hakuizima mashine. Nimekosa mimi." Kisha achia kifungo. Atakuwa amekaa upande huu, na safari hii lazima apate nafasi ya kujibu.

Mdogo wako anayekupenda na asiyekuogopa,

Kasereka