Nguo za Mueni

Jumatatu, 7 Machi 1966
Nimeanika nguo za Mueni tena. Mara ya pili leo. Habiba, jirani yetu Msomali, amechungulia juu ya ua na kupaza sauti mbele ya watu: "Mama Mueni, fua nguo ya mtoto!" Nifue mara ngapi? Mtoto ana miezi minne, sweta aliyovaa haina hata doa. Nimekasirika.

Jumatano, 9 Machi
Mume wangu Mutua yuko Habaswein na msafara wa serikali. Sina wa kumlalamikia. Mama yake naye ametuma barua: sweta isitoke mwilini mwa mtoto, kofia na soksi pia, upepo wa ugenini ni mbaya. Nimetii. Mkwe ananiona mzembe, Habiba ananiona mchafu. Nani kawaambia sijui kulea?

Ijumaa, 11 Machi
Mueni ana homa. Hanyonyi. Habiba kaja mpaka mlangoni. "Fua, walaal, fua!" Walaal kwao ni ndugu. Nimemfungia mlango usoni. Kisha nikafua kila kitu, hata shali iliyokuwa safi. Nimelia juu ya beseni.

Jumamosi, 12 Machi
Asubuhi nilimbeba Mueni kumpeleka kwa dresa wa zahanati. Anawaka, macho yamegeuka. Barabarani wanajeshi wanaosaka waasi wa shifta walikuwa wamewapanga Wasomali wa mtaa wetu kando ya lori. Habiba akatuona. Akachomoka mstarini, akamng'oa Mueni kofia, sweta, soksi, zote, akazitupa mchangani. "Fua! Fua hivi!"

Vua. Alikuwa anasema vua. Siku zote hizi.

Askari akamkamata mkono. Akaniuliza kama mwanamke huyu ananisumbua. Nilifungua mdomo. Kisha nikainama kuziokota nguo mchangani. Akamsukuma ndani ya lori.

Jumatatu, 14 Machi
Homa imeshuka. Dresa kasema ni joto la zile nguo, na kwamba siku moja zaidi ningemzika. Mueni analala uchi kwenye mkeka.

Waliochukuliwa wako katika kijiji cha jeshi kilichozungushiwa seng'enge, haingii mtu, hatoki mtu. Nimeuliza ofisini kwa mkuu wa wilaya mara mbili. Nimeambiwa nirudi nyumbani nikalee.

Jioni mke wa karani mwenzake Mutua alikuja kunipa pole. Akasema angalau yule mpiga kelele ameondoka, sasa nitamlea mwanangu kwa amani. Nikamwongezea chai.