Sahani Tupu za Baba

Dada yangu mpenzi,

Daktari wa mifugo amesema leo asubuhi kwamba mbwa wetu Karani atapona. Ninaanza na habari hiyo kwa sababu najua ungeruka salamu zangu zote kuitafuta. Sasa nikuamkie vizuri: shikamoo. Wewe hujambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tupo, ila tumechoka.

Ugonjwa ulianza wiki tatu zilizopita. Mbwa alikuwa akitapika jikoni, akiharisha barazani, kisha anakuja kulala juu ya viatu vyangu kana kwamba mkosaji ni mimi. Nimepiga deki hadi viganja vimechubuka. Kazini mkuu wangu aliniuliza kama nimebadilisha marashi. Nikamwambia ni dawa ya kusafishia sakafu.

Daktari alimbonyeza tumbo, akampima damu, akasema kongosho lake limevimba kwa sababu ya chakula chenye mafuta mengi. Alitania kwamba mbwa huyu inaonekana anaalikwa harusini kila siku. Akaagiza apewe wali usio na chumvi na kuku wa kuchemsha, kidogo kidogo, nami niandike kwenye daftari kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Nikaandika. Siku ya nne kilichotoka kilikuwa na vipande vya nyama ya ng'ombe na karoti, yaani mchuzi niliompikia Baba. Nilipomuuliza, Baba alisema Karani ni mwizi tangu utoto wake, na kwamba mimi hufunika sufuria kama mtu anayeogopa kuiamsha. Nikaanza kuifungia sufuria kabatini kwa kufuli. Siku ya sita karoti zikaonekana tena.

Siku hiyo hiyo mchana nilirudi kuchukua funguo za ofisi nilizosahau. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, bakuli lake la chakula mapajani, anamlisha mbwa kwa kijiko. Alikuwa akimwomba radhi, akimwambia avumilie, mzee mwenzake, kwani hata yeye hana pa kukipeleka. Aliponiona hakuficha kijiko. Alisema chakula kigumu kinamkwama kifuani, ni miezi mitatu sasa, na kinachopita ni uji na chai tu. Alinikataza nisikuandikie, maana utaacha kazi upande basi la kwanza. Kisha akasema Karani kaandikiwa daftari zima, na yeye hakuna aliyemfungulia hata ukurasa.

Ni kweli, dada. Barua zangu mbili zilizopita zilikuambia kwamba Baba anakula vizuri, sahani zinarudi tupu. Sahani zilirudi tupu kweli. Mdomo wake sikuuangalia. Na si hilo tu. Mwezi uliopita niliona mshipi wake una tundu jipya, limetobolewa vizuri kwa kile chombo chake cha zamani cha kutobolea soli. Sasa yapo matatu. Nilijiambia ngozi imelegea. Mimi ni mtoto wa fundi viatu kama wewe, na najua ngozi ya mshipi ule hailegei. Nilikuwa nimechoka, na sahani tupu ilinitosha.

Kwa hiyo nimekuandikia bila ruhusa yake. Kuja au kutokuja, amua wewe. Baba naye sasa ana ukurasa wake, na leo umeandikwa vikombe viwili vya uji, kimoja kikabaki nusu.

Nisalimie shemeji na uwabusu watoto. Baba angekusalimu kama angejua naandika. Karani amerudi kubweka anapopita mtu wa maziwa, na safari hii hakuna aliyemkaripia.

Jumatano saa mbili asubuhi natakiwa nimfikishe Baba hospitali wamwangalie koo kwa kamera, akiwa hajala kitu tangu jana yake. Amesema sharti hilo halitamsumbua.

Mdogo wako,
Kitindamimba