Ile Skuta Ni ya Marion

Nyumba namba 27, ghorofa ya pili,
Lewisham,
London.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Marion hatembei, Mkamburi. Huu ni mwaka wa tatu, na ni mimi niliyewaficha.

Mpendwa mdogo wangu Mkamburi,

Nisamehe nimelitoa hilo kabla hata ya kukujulia hali. Ningeanza na salamu ningefika mwisho wa karatasi bado nasalimu tu, wewe unanijua. Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo? Shemeji Mwakio na mgongo wake wanaendeleaje? Watoto wamerudi shule? Yule ng'ombe alizaa salama? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Presha imetulia na kazi bado naiweza. Baridi haijaanza kuuma, ila asubuhi sithubutu kutoka bila sweta.

Sasa kaa chini usome polepole. Ukimaliza uwasomee na wengine, na kaka Mwadime awe wa kwanza kusikia.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita MS. Walinieleza kwamba ile kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, imegeuka inashambulia mishipa ya fahamu ya mwenye mwili. Haukuletwa na mtu. Hauambukizi. Ulianza na ganzi kwenye nyayo, kisha akawa anaangusha vikombe, tukadhani ni uchovu wa kazi. Siku njema anatembea hatua kumi, kumi na tano, akishika ukuta. Siku mbaya hata hizo hana. Dawa za kuupunguza mwendo zipo. Za kuuondoa hazipo.

Lakini akili yake haijaguswa, na hilo nataka mlisikie wote. Marion bado anaenda ofisini Croydon kila siku, kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, na ni yeye anayepanga zile taa za reli zinazoiambia treni simama au pita. Wazungu wenye mvi wanangoja yeye aseme ndipo waandike. Mimi nikipanda treni hapa huwatazama abiria wamelala midomo wazi, nasema moyoni, laleni tu, mtoto wangu yuko macho.

Kwa kutembea ana skuta. Si ile ya boda, usije ukamwona Marion kwenye pikipiki. Hii ni kigari cha umeme cha magurudumu manne, kina kiti, usukani, honi na kikapu mbele. Mwendo unauchagua kwa kuzungusha kidude chenye picha ya kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Yake ni nyekundu. Aliichagua mwenyewe akitabasamu, mimi nikalia mle dukani kama mtu aliyefiwa.

Mkamburi, nimesukuma viti vya wazee wa watu katika mji huu miaka kumi na tisa. Nimewaogesha, nimewavalisha, nimewapeleka kuota jua, na sijamwonea aibu hata mmoja. Aibu niliiweka akiba kwa mtoto wangu mwenyewe.

Unajua nilivyomtangaza. Tangu aongoze darasa, tangu achukue digrii ile ya juu kabisa, hakuna simu niliyopiga nyumbani isiyokuwa na Marion ndani. Nikaona watu watasema, haya, yuko wapi sasa huyo tuliyekuwa tukiimbiwa? Wengine watasema amerogwa. Wengine watasema kuna jambo la nyumbani sikulitimiza. Basi mkipiga simu nasema yuko kazini. Nikawa nawatumia picha amekaa mezani, amekaa garini, amekaa kanisani. Wewe mwenyewe uliniambia, "Huyu mtoto wako anapenda kukaa, London imempa makalio!" Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Sasa nakuja kwenye lile linaloninyima usingizi.

Mama alipofariki Februari mwaka jana, Marion alikuwa ameshakata tiketi. Unakumbuka alivyolelewa mgongoni kwa mama mpaka akatimiza miaka saba, mimi nikiwa huku natafuta. Ni mimi niliyemkataza. Nilimwambia njia ya kwetu ni ya kupanda, skuta haitaweza, na watu wataacha maiti wamtazame yeye. Nikaja peke yangu. Na kaka Mwadime akasimama pale kaburini akasema kuna wajukuu walioona bibi yao si kitu. Kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na udongo mkononi, nikanyamaza. Jioni ukaniuliza jikoni, nikakwambia alinyimwa ruhusa kazini. Nilimwacha mtoto wangu aitwe hana shukrani ili asiitwe kiwete.

Yeye alijua nilivyonyamaza. Binamu zake walimwandikia maneno makali. Hakuniambia kitu mwaka mzima.

Tarehe 23 Agosti chama chetu cha Wakenya wa huku kilikuwa na siku ya familia. Mwaka huu walichagua bustani kubwa ya michezo nje kidogo ya mji, yenye mabembea na vigari vya relini vinavyopinduka hewani na watu ndani. Mimi ndiye mkuu wa chakula, pilau yangu inajulikana mpaka Harrow, kwa hiyo kukosa nisingeweza. Marion akasema anakuja. Nikamwambia kutakuwa na umati. Akasema ndiyo sababu anataka kuja, amechoka na kuta za nyumba.

Alitupeleka Bhavna, rafiki yangu wa kazini. Ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kinawashinda watoto wetu wote wa huku. Skuta inafunguka vipande vinne, ikaenea nyuma ya gari lake. Tulitangulia mapema kabla ya basi la wenzetu, na hiyo ilikuwa hila yangu.

Asubuhi hiyo ilikuwa nzuri, siwezi kuiharibu kwa yaliyofuata. Marion alikuwa mbele na skuta yake akipiga honi, sisi wawili nyuma tukihema. Kwenye ile reli kubwa kuna mlango wa pembeni kwa watu kama yeye. Alitembea hatua zake kumi na mbili, nilizihesabu, akaketi na Bhavna, wakapandishwa juu. Mimi nilibaki chini nikilinda skuta, nikamsikia mtoto wangu akipiga kelele za furaha ambazo sikuwa nimezisikia tangu augue. Bhavna alishuka nywele zimesimama wima. "Mama Marion," akasema, "nimeona Kisumu kutoka pale juu!"

Saa sita basi likafika. Sisi tulikuwa zaidi ya sitini, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, watu wa mji mzima walikuwa humo kama siafu. Margaret, mwenyekiti wetu, akapiga filimbi ya picha. Unazijua hizo picha. Hujafunga mdomo imeshafika Wundanyi. Kabla hawajatufikia nikainama nikamwambia Marion, shuka kidogo, picha moja tu. Akanitazama. Bhavna akasema, "Kwani skuta imeiba kitu cha mtu?" Nikarudia, picha moja tu.

Akashuka. Tukamsimamisha kwenye uzio, akaushika kwa nyuma. Mimi nikaipeleka skuta nyuma ya kibanda cha aiskrimu, nikaifunika na leso yangu ya kujifunga kiunoni. Picha ikapigwa, wenzetu wakatawanyika kwenye michezo. Ni ile uliyoniandikia kwamba tumependeza.

Nikaenda kuichukua skuta. Kabla sijaifikia ngoma zikalia, likaanza gwaride la wanasesere wakubwa wenye vichwa kama mapipa. Walinzi wakafunga kamba njiani, watu wakajaa. Marion akabaki ng'ambo, mimi huku. Bhavna alikuwa ameshakwenda kushusha sufuria garini. Nikajaribu kuisukuma ile skuta, haisogei. Bila kuwashwa inajifunga breki. Basi nikaikalia, nikaiwasha. Miaka mitatu ilikuwa nyumbani kwangu na sikuwa nimeikalia hata siku moja.

Nikakizungusha kile kidude kwenye kobe, nikaanza kuzunguka nitafute pa kuvukia. Mkamburi, sikuwa najua. Kutoka pale chini unaona mikanda ya suruali na mikoba tu. Watu wanakukatiza kana kwamba wewe ni moshi. Ukipiga honi wanakasirika, usipopiga wanakukalia. Mwanamume mmoja aliweka kikombe chake kitupu kwenye kikapu changu akaenda zake. Nilipomfikia mlinzi, alimwuliza mtu aliyesimama kando yangu, "Huyu anataka kwenda wapi?" Mtu mwenyewe hata simjui! Nikawa nasema samahani, samahani, mpaka mate yakanikauka. Mahali pa kutoka kwako mpaka zizini palinichukua karibu nusu saa. Nikawaza, mtoto wangu anapita hivi kila asubuhi, kisha anaenda kuzuia treni zisigongane.

Njiani nikakutana na Margaret. "Heee! Mama Marion! Kumbe ni wewe mwenye hii? Pole, ni nini?"

Hapo Mungu alinipa nafasi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Goti. Goti langu."

Akasema pole tena, akatangulia mbele yangu akipasua watu kwa viwiko. "Pisheni, pisheni mgonjwa!" Kiswahili hawakukijua lakini walipisha.

Tulimkuta Marion chini. Miguu ilikuwa imekataa. Alikuwa ameketi kwenye vumbi, mkono mmoja bado umeshika uzio juu ya kichwa chake, watu wakimzunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Nilimsikia mmoja akisema amelewa. Margaret akamkimbilia, "We Marion, umekaa hapa chini na mama yako goti linamuua!"

Marion akanitazama pale nilipokaa. Mtoto ambaye tangu ana miaka tisa nikimwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, wenzetu wote waliokuwa wamemfuata Margaret wakasikia:

"Hiyo skuta ni yangu. Mama, shuka."

Nikashuka.

Hakuna aliyecheka. Nikampa mkono nimwinue, akaupita, akashika wa Margaret. Bhavna alifika na sufuria ya pilau mikononi, akatuona, akaiweka chini. Ile pilau sikuionja.

 Siku ya tatu akaniita. Alisema miguu amekwisha kuizoea. Asilolizoea ni kwamba nyumbani kwao wote wanaamini hakumpenda bibi yake. Akasema Desemba tukiweka msalaba kwenye kaburi la mama anataka kuwepo, lakini atakuja tu kama nitakuwa nimewaambia ukweli wote kabla hajapanda ndege. Na niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu nitaanza kusifia kitu kingine. Nisipoandika hatakuja, si Desemba hii wala nyingine. Akasema hatanilaumu. Hilo la kutonilaumu ndilo lililonitoa machozi.

Basi nimeandika. Mwambie kaka Mwadime sina kinyongo naye, alisema alichokijua. Mwenye kosa ni mimi, na nitalisema kwa mdomo wangu hapo kaburini, kabla mchungaji hajaomba. Na wale binamu waliomwandikia, nao wamwandikie tena.

Nawaomba machache. Mtu asije na habari za kurogwa. Watu wa maombi wasimwekee mikono kichwani kama hajaomba. Asibebwe bila kuulizwa, si gunia la mahindi. Watoto wakitaka kuipanda skuta atawapa zamu, ila iwe kwenye kobe.

Shemeji Mwakio namwomba mkono wake wa ufundi. Ile njia kutoka barabarani aikate iwe ya kuzunguka, isipande moja kwa moja. Mawe ya pale jikoni yaondolewe. Kizingiti cha nyumba ya mama akiwekee mteremko wa saruji, na njia ya kwenda kaburini aisawazishe, upana wa hatua moja ya mtu mzima unatosha. Mambo ya betri kwenye ndege Marion ameshayamaliza, aliwaandikia barua wenye ndege wakamjibu siku hiyo hiyo. Huyo akiandika watu wanajibu.

Mnivumilie, bado najivunia. Zamani nilikuwa nikichagua cha kujivunia na kingine nikikifunika leso. Sasa najivunia mtoto mzima.

Nisalimie kaka Mwadime na mkewe, shemeji Mwakio, shangazi Wakio na wote wa pale kanisani. Bhavna anakusalimu, anasema umwekee ndizi za kwetu. Mungu awalinde, awape mvua ya kiasi, na anipe mimi uso wa kuwatazama.

Wewe waite wote. Wa Wundanyi, wa Voi, hata wale wa Mombasa ambao hawakuja kwenye mazishi. Waambie wasije kwa ajili ya msalaba peke yake, waje kumwona Marion amefika kwa bibi yake. Chakula nitapika mimi. Tunawangoja nyumbani kwa mama, Jumamosi tarehe 20 Desemba, saa nne asubuhi.

Ni mimi dada yako ninayekupenda kuliko nilivyokuwa nikikuonyesha,
Mama Marion