Makufuli Saba Chini ya Kitanda

Jumanne, 1 Julai
La sita limefunguka leo. Stoo ya shule, saa tisa alasiri, mlango nimeurudishia kama mwizi. Kufuli la tranka la mwanafunzi aliyemaliza zamani, akaondoka na ufunguo wake. Nimekaza silinda kidogo kwa kipande cha wipa ya gari, nikapapasa pini za ndani moja moja kwa spoku ya baiskeli niliyoichonga. Ya tatu iligoma. Nikaiacha, nikaenda ya tano, nikarudi. Tik. Limefunguka.

Kwa nini nafurahi hivi? Sijui. Mtu mzima, mtunza stoo, nimerukaruka peke yangu. Halafu nimelifunga tena, maana kufuli lililo wazi halina mchezo.

Miaka yote mwanafunzi akipoteza ufunguo naitwa na nyundo. Nilichoka kuvunja vitu vizima. Nikaona kwenye simu mtu anafungua kwa kibati cha kopo la soda, anakipenyeza kwenye shingo ya kufuli, basi. Nikasema hiki nitakijua. Mawili ya kwanza niliyafungua hivyo. Haya mengine yanataka pini.

Alhamisi, 3 Julai
La saba halitaki. Jeusi, zito, nililikuta limefungwa chini ya madaftari ya zamani. Pini zote zinalia tik, silinda inageuka kidogo, nasema limekwisha. Halijaisha. Linanidanganya na mimi nadanganyika kila siku.

Mwanaidi kaniuliza vidole vimefanya nini. Nimemwambia misumari. Nimemdanganya mke wangu kwa kitu cha kijinga. Lakini nimwambie nini? Mwezi uliopita hapa mtaani walimkamata mtu na rundo la funguo, nusura wamuue. Makufuli nayaweka kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Anayejua ni mimi na Mungu.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba, hakuna kazi. Nimetoka sokoni nimekuta makufuli yamepangwa mezani, yote saba. Mwanaidi amekaa, hajavaa hata kandambili.

Kauliza, "Haya yote umeyafunga wewe?"

Nikajua kisa ni wizi. Nikajitetea haraka. Ndiyo, nimeyafunga mwenyewe, kwa mkono wangu, wala sijaiba la mtu.

Alifunga cherehani yake, akachukua begi, akapanda basi la Mkata kwa mama yake. Sielewi. Nimekiri kwamba si mwizi, na mke ameondoka.

Jumanne, 8 Julai
Hapokei simu. Jioni amepiga mama mkwe. Nimemwamkia, hakuitikia. Kasema, "Baba, saba. Miaka saba. Mwanangu umemfungia nini?"

Tumeoana mwaka wa saba huu na hatujapata mtoto. Hospitali walitupima wote wawili, wakasema hawaoni tatizo. Na huku kwetu nani asiyejua? Anayetaka mwanamke asizae hutaja jina lake, akabana kufuli, akaficha. Hata mimi nimekua nikisikia. Mwanaidi hakuniuliza habari ya wizi. Aliniuliza kama nimemfunga, nami nikamjibu ndiyo, kwa mkono wangu.

Chini ya kitanda chetu! Mwehu mimi.

Halafu mimi ni Msambaa wa Bungu. Siku ya harusi Wazigua, ndugu zake Mwanaidi, walitutania, binti yetu angalia, Wasambaa wana dawa. Tulicheka mpaka machozi. Sasa nani atacheka.

Alhamisi, 10 Julai
Sijala vizuri. Nina hasira. Miaka saba nimelala na huyu mwanamke, nimempeleka hospitali, nimemfuta machozi kila mwezi, leo mimi ndiye mchawi?

Baadaye hasira imegeuka, sijui imekuwa nini. Nimeyahesabu tena, labda ni sita. Ni saba. Kwa nini niliacha kuokota lilipofika la saba? Sikumbuki. Nimejishtukia najiuliza kama mtu anaweza kumfunga mwenzake bila kujua. Astaghfirullah.

Nilitaka kuyatupa mtoni. Nimefika darajani nikarudi. Kufuli likitupwa mtoni ndiyo limefungwa milele, watasema. Nikiyavunja, nimeficha ushahidi. Nikiyafungua, nimekiri. Nifanye lipi?

Jumamosi, 12 Julai
Nimekwenda Mkata. Kopo mapajani, kila basi likikanyaga tuta makufuli yanagongana. Abiria wa pembeni kauliza nauza nini. Nikamwambia siuzi.

Mama mkwe alikuwa uani anamenya muhogo, Mwanaidi pembeni yake. "Shikamoo mama." Marahaba ilichelewa kuja. Nikakaa kwenye mkeka, nikatoa kibati, nikatoa spoku. Nikasema tazameni, ni mchezo tu, hakuna jina la mtu humu.

Nikafungua la kwanza. Mama kasema alhamdulillahi. La pili, alhamdulillahi. Mpaka la nne ndipo nikaelewa. Kwangu mimi naonyesha ufundi. Kwake yeye namfungua mwanawe. Anayefunga ndiye anayefungua, na mimi nilikuwa nafungua vizuri sana. Ningeacha? Nikaendelea. Sita.

La saba likagoma. Jasho, vidole vinateleza.

"Hilo ndilo lenyewe," mama kasema. "Fungua."

"Mama, hili sijawahi kulifungua. Nililikuta limefungwa."

"Juzi umesema yote umeyafunga wewe."

Ni kweli nilisema.

Nikamtazama Mwanaidi nikitegemea chuki. Hakuwa na chuki. Alikuwa analitazama lile kufuli kama mtu anayeona taa ya nyumba yake kwa mbali. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa wiki nzima.

Akasema, "Nifundishe."

Jumapili, 13 Julai
Nimerudi Korogwe peke yangu. Kesho kazi. Kufuli la saba nimemwachia Mwanaidi, na spoku, na kipande cha wipa.

Nilimfundisha asubuhi, mama yake akitukodolea macho. Kaza kidogo tu. Usilazimishe. Sikiliza kwa ncha ya kidole. Yeye ni fundi cherehani, vidole vyake vinasikia uzi. Ndani ya saa moja alikuwa amefika ninapofika mimi na kukwama ninapokwama mimi. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Hatukuongea habari nyingine yoyote.

Sasa sijui niombe nini. Lifunguke, au lisifunguke? Likifunguka na mtoto asije, je? Lisipofunguka nitakuwa mchawi mpaka kufa. Nimeswali nikamwambia Mungu achague mwenyewe.

Alhamisi, 17 Julai
Hakuna simu. Mwanafunzi kapoteza ufunguo wa tranka. Nimetumia nyundo.

Alhamisi, 24 Julai
Mwanaidi kapiga saa nne asubuhi, nikiwa stoo nahesabu majembe.

"Limefunguka."

Nilisubiri aendelee. Nikasikia kuku wa mama yake kwenye simu.

Halafu akasema lilipofunguka aliegemea ukuta akasubiri asikie kitu mwilini. Alisubiri sana. Muhogo uliungua jikoni. Hakusikia kitu. Pini moja, kasema, ukiisukuma sana inapita kiasi, unatakiwa ulegeze mkono ianguke kidogo. Basi. Ndiyo siri yote.

"Kumbe ni chuma tu," akasema. Akalia. Analia na huku anasema, "Mimi nilifurahi nilipoyaona, unajua? Nilikasirika lakini nilifurahi. Nikasema afadhali kuna kufuli. Sasa nitamlaumu nani?"

Nimesafishwa. Si mchawi tena. Sikufurahi hata kidogo. Nimesimama katikati ya majembe nikatamani ningekuwa mimi niliyemfunga, nimfungue, yaishe.

Jumapili, 27 Julai
Mama mkwe kanipigia yeye mwenyewe. Kauliza kama nakula. Kasema wikiendi ijayo atampa Mwanaidi gunia la mahindi aje nalo. Radhi hakuomba, na mimi sikudai.

Jumapili, 3 Agosti
Mwanaidi amerudi jana na mahindi. Leo ameshona gauni la jirani. Mimi nimefagia, nimetengeneza mguu wa meza.

Kopo haliko chini ya kitanda tena, liko juu ya kabati, mgeni yeyote analiona. Lile jeusi amelitundika kwenye msumari karibu na cherehani, likiwa wazi. Sikumuuliza. Yale sita ameyaweka mapajani alipomaliza kushona, akaanza kuyafungua moja moja. La tatu amenishinda kwa kasi. Nimechukia kidogo, kweli.

Habari ya mtoto hatujaigusa. Tutaigusa. Sijui tutasema nini.

Jioni nimetoka kuchukua kandambili uani, nikarudi, nikarudishia mlango, nikazungusha ufunguo.

Akauliza kutoka chumbani, kama anavyouliza kila siku, "Umefunga?"

Nikabaki nimeushika ufunguo. Naye nadhani alisikia alichouliza, maana makufuli yaliacha kugongana mapajani mwake. Nikasema, "Nimefunga."

Akaanza kucheka yeye kwanza, na mimi nikafuata. Tumekula ugali na mlenda.